Mshumaa mfupi huzimika kwanza
Sayansi ya mikono kwa watoto wa vijiji vyetu

Mara nyingi tunaongea nanyi juu ya afya, mashamba na akiba ya jamaa. Leo tunaongea juu ya somo ambalo wengi wetu tuliliogopa tulipokuwa masomoni: sayansi. Tunaomba msigeuze ukurasa. Mtaona kwamba jambo hili linatuhusu sisi wamama kuliko tulivyodhani.

Mama mmoja wa chama chetu, mkaaji wa kijiji kimoja kando ya barabara ya Goma kwenda Sake, alikuja kwenye mkutano wetu akiwa na huzuni. Asubuhi moja mapema kijana wake wa miaka 11 alikuwa akichunga mbuzi kabla ya kwenda masomo. Mbuzi mmoja alishuka ndani ya bonde dogo katikati ya mawe ya volkano, akaanguka, hakuamka. Kijana akataka kushuka amtoe. Mzee aliyekuwa anapita akamkamata shati kwa nyuma na kumvuta. “Huoni hata nzi wamekufa pale chini? Hiyo ni mazuku!”

Mama alimshukuru Mungu na yule mzee. Lakini jioni, alipokuwa akifungua kaye ya mtoto wake, aliona jambo lililomshangaza. Ukurasa wa sayansi ulikuwa na sentensi ya Kifaransa iliyoandikwa vizuri, inayosema kwamba gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa. Pembeni, kwa biki nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika: 10/10.

“Mtoto wangu alipata kumi juu ya kumi,” mama alituambia, “na bado alitaka kushuka ndani ya shimo. Basi alijifunza nini?”

Swali hilo lilitufuata hata nyumbani. Ndiyo sababu tulikwenda kuangalia.

Sentensi bila kitu

Wale wanaokaa mbali na Goma wajue kwanza mazuku ni nini. Chini ya ardhi ya Nyiragongo na Nyamulagira kuna gesi inayopanda kupitia nyufa za mawe. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni gesi ya kaboni. Haina rangi. Kwa sababu ni nzito, inakaa mahali pa chini kama maji yanavyokaa ndani ya sahani. Usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, inajikusanya. Jua likipanda na upepo ukivuma, mara nyingi inapungua. Mbuzi, kuku na watoto ndio wanaoumia upesi, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Katika miaka ya vita, jamaa nyingi zilizokimbia zilijenga vibanda vyao kwenye ardhi hiyo hiyo bila kuijua.

Kwa hiyo sentensi ile iliyokuwa ndani ya kaye haikuwa mchezo. Ilikuwa ni sentensi ya uzima na kifo. Lakini mtoto aliipokea kama wimbo wa lugha ya kigeni. Aliiimba vizuri, akapewa pointi, akaisahau.

Tulimkuta mwalimu wake ndani ya darasa la mbao lenye paa la mabati. Alikuwa na watoto 71, ubao mmoja, chaki na kitabu kimoja, chake mwenyewe. Hatukwenda kumhukumu. Tulipomwuliza kama aliwahi kuwaonyesha watoto gesi hiyo, alicheka kidogo, kisha akasema kwa unyenyekevu: “Wamama, hata mimi sijawahi kuiona. Mwalimu wangu aliandika kwenye ubao, nikaandika kwenye kaye. Na mimi nafanya vile vile.”

Tunadhani walimu wengi wa vijijini wangejibu hivyo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema kwamba elimu ya msingi katika masomo ya Serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kuitekeleza kweli. Watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa minervali waliingia darasani. Tulifurahi, na bado tunafurahi. Lakini mlango ulifunguliwa kabla ya kuongeza madarasa, walimu na vifaa. Mwalimu mwenye watoto 71 na kitabu kimoja hufanya kile kinachowezekana: anaandika, wanarudia.

Kuna tena jambo la lugha. Mtoto wa kijijini anaanza masomo kwa Kiswahili, kisha anapanda kwenye madarasa ya Kifaransa. Neno kama “évaporation” linamfikia likiwa limefungwa. Ukimwambia kwamba ni kile kinachotokea sambaza zikianikwa, anacheka, maana anakijua tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha zetu za taifa zitumiwe katika kufundisha. Basi hakuna kosa mwalimu akieleza kwanza kwa Kiswahili, watoto wakaelewa, kisha akawapa jina la Kifaransa watakalolihitaji kwenye mtihani.

Wengine walianza bila kitu

Wengi wanadhani kwamba kufundisha sayansi kwa mikono kunahitaji laboratwari yenye meza za vigae na chupa za Ulaya. Sivyo.

Baada ya vita kuu ya pili, masomo mengi ya dunia yalikuwa yamebomolewa. Mwaka 1948 shirika la UNESCO lilitoa kitabu kidogo cha mashauri kwa walimu wa sayansi wa nchi zilizoharibiwa na vita. Kilionyesha namna ya kutengeneza vifaa kwa makopo, chupa na waya. Kilipendwa sana, na mwaka 1956 kikawa kitabu kikubwa chenye mamia ya majaribio ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyafanya. Tunalitaja jambo hili kwa sababu sisi pia ni watu wa nchi iliyojeruhiwa na vita. Wale hawakungoja laboratwari zijengwe tena ndipo watoto wajifunze.

Na huko Ufaransa, nchi yenye mali, mtaalamu Georges Charpak, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, aliona kwamba watoto wa nchi yake nao walikuwa wanameza maneno tu. Mwaka 1996 alianzisha pamoja na wenzake mpango wa kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kwa kugusa, kujaribu na kuuliza. Waliuita “La main à la pâte”, maana yake mkono ndani ya unga uliokandwa. Sisi wamama wa Kivu, tunaosonga bugali kila siku, tunaelewa jina hilo bila mkalimani.

Siku ya mshumaa

Tulikubaliana na mwalimu na direkta kwamba tutarudi Ijumaa. Wamama wa kijiji walileta vitu kutoka jikoni: sufuria, ndimu, mishumaa miwili, na bikarbonati, ule unga mweupe ambao wengi wetu tunautia ndani ya maharagi ili yaive upesi.

Mwalimu alikuwa na wasiwasi. “Kama haifanyi, watoto watanicheka,” alituambia pembeni.

Na kweli, mara ya kwanza haikufanya. Tulikuwa tumechukua beseni pana, tukaliweka karibu na dirisha, tukakamua ndimu mbili tu. Povu likapanda kidogo. Mishumaa yote miwili ikaendelea kuwaka, kisha upepo ukaizima kwa pamoja. Watoto wakacheka. Mwalimu akanyamaza kidogo, halafu akafanya jambo ambalo sisi tunaliona kuwa ndilo somo lenyewe. Aliwauliza: “Kwa nini haikufanya?”

Mikono ikapanda. Mmoja akasema upepo. Mwingine akasema ndimu hazitoshi. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye mwalimu alituambia baadaye kwamba hasemi kamwe, akasema: “Beseni ni pana sana, ile hewa imetawanyika.” Mwalimu akamwita mbele.

Mara ya pili walichukua sufuria nyembamba yenye kina, wakaiweka kwenye pembe isiyo na upepo. Mshumaa mfupi ukawekwa juu ya jiwe dogo ndani ya sufuria, na mrefu kando yake, yote ikiwa chini ya ukingo. Vijiko vitatu vya bikarbonati vikamwagwa chini. Msichana yule akamimina polepole maji ya ndimu sita, akizunguka ili asiloweshe moto. Povu likapanda likipiga kelele. Watoto wakasogea. Kisha mshumaa mfupi ukapunguza moto wake na kuzimika. Hakuna aliyeupuliza. Mrefu uliendelea kuwaka kwa muda, halafu nao ukalegea na kuzimika.

Darasa likawa kimya. Kijana wetu wa mbuzi alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria. Akaonyesha mshumaa mfupi kwa kidole. “Mbuzi yangu ilikuwa hapa,” akasema. Kisha akaonyesha mrefu. “Na mimi ningekuwa hapa.”

Mwalimu alieleza kwa Kiswahili: bikarbonati na ndimu vikikutana vinazaa gesi ya kaboni, gesi hiyo ni nzito, inajaza sufuria kutoka chini, inasukuma hewa nzuri. Ndani ya bonde, mtu anayeinama au kulala ndiye anayeguswa kwanza, na gesi yenyewe inalevya na kuua. Baada ya hapo aliandika kwenye ubao ile ile sentensi ya Kifaransa ya kaye. Safari hii hakuna aliyehitaji kuirudia mara kumi.

Aliongeza maonyo, nasi tunayarudia hapa kwa nguvu. Mtoto asiende kupima shimo kwa mshumaa, kwa sababu gesi inaweza kumdhuru mtu kabla moto haujazimika. Ukiona panzi, ndege au panya wamekufa mahali pa chini, rudi juu, uite watu wakubwa. Na mtu akianguka ndani, usimfuate mbio. Wengi wamekufa kwa kumfuata aliyeanguka.

Mama naye ni mwalimu

Tangu siku ile wamama wa kijiji walianza kuhesabu ni masomo mangapi ya kitabu yanayofanyika jikoni kwao kila siku bila mtu kuyaita sayansi. Tunawapa mawili.

La kwanza ni maji. Mkikata chupa ya plastiki na kuweka ndani yake kitambaa, makala yaliyopondwa, mchanga safi na changarawe, maji ya mto yenye matope yatatoka chini yakiwa meupe. Watoto wanapiga makofi. Hapo mwalimu anapaswa kuuliza: “Sasa tunaweza kunywa?” Wengi watasema ndiyo. Jibu ni hapana. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho, na maji meupe yanaweza kuwa nayo. Lazima yachemshwe, au yatiwe dawa. Kama hakuna kuni, maji yaliyochujwa yawekwe ndani ya chupa nyeupe za plastiki zisizozidi lita mbili, zilazwe juani kwa saa 6. Mawingu yakiwa mengi, ziachwe siku 2. Kwa sisi wa kando ya ziwa, ambao kipindupindu kinatutembelea mara kwa mara, somo hili lingetosha peke yake kuheshimu saa ya sayansi.

La pili ni muhogo. Bibi zetu walituambia tuloweke muhogo mchungu siku kadhaa, na wengi tunapunguza siku hizo wakati wa njaa au wakati soko linatuharakisha. Muhogo usiotengenezwa vizuri una sumu inayoweza kuleta konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ghafla bila kupona, hasa kwa watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Uliandikwa na daktari Trolli huko Kwango tangu mwaka 1938. Katika vijiji vya upande huo, wamama walifundishwa njia nyepesi ya kuongeza usalama wa unga. Weka unga ndani ya beseni, utie alama ya mahali unapofikia, kisha tia maji huku unakoroga. Unga utashuka kwanza. Endelea kutia maji mpaka upande tena hadi alama. Utandaze juu ya mkeka, uwe mwembamba kuliko sentimita moja, juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5. Sumu inatoka hewani. Upike bugali siku hiyo hiyo. Njia hii haiondoi kazi ya kuloweka, inaifuata.

Angalieni: kupima, kutia alama, kungoja saa, kuangalia kinachobadilika. Hayo ndiyo mambo yanayofanyika ndani ya laboratwari. Mama anayeyafanya mbele ya darasa la tano hajatoka nje ya programu.

Na wasichana?

Tuliona jambo moja lililotuumiza. Katika masomo tuliyotembelea, jaribio likianza, wavulana wanashika vifaa, wasichana wanatumwa kuchota maji na kuosha vyombo. Mwalimu hakuwa na ubaya moyoni. Ni mazoea tu. Tulimwomba apange vikundi vidogo, na kila mtoto awe na kazi yake: mmoja anamimina, mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anaeleza, na juma linalofuata wanabadilishana. Hata katika darasa la watoto 71, vikundi 12 vyenye sufuria ndogo vinawezekana kama wazazi wanachangia vyombo.

Tuwape wasichana wetu jina la kukumbuka. Sandrine Mubenga, binti wa nchi yetu, aliugua sana alipokuwa kijana huko Kikwit. Alihitaji kupasuliwa, lakini hospitali haikuwa na umeme, na jamaa yake ilihangaika kutafuta mafuta ya jenereta. Aliponea karibu na kifo. Baadaye alisomea umeme, akawa injinia na mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, akarudi kufanya kazi ya umeme kwa ajili ya Kongo. Mateso yake yaligeuka kuwa swali, na swali likawa kazi yake. Nani anajua kama yule msichana aliyesema “beseni ni pana sana” hatakuwa siku moja kati ya wale wanaotoa gesi ya methani ndani ya Ziwa Kivu na kuifanya umeme, kama inavyofanyika tayari upande wa Rwanda?

Sanduku la sayansi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hatuwezi kungoja kila kitu kutoka Kinshasa, na pia hatutaki kuwaachia walimu peke yao, wengi wakiwa na mshahara mdogo unaochelewa. Chama chetu kinawaomba wamama wa kila kijiji waanze na sanduku moja la mbao lenye kufuli, likae katika biro ya direkta. Ndani yake tuweke:

Chupa za plastiki nyeupe na za kukatwa, sufuria moja nyembamba, vijiko, mishumaa na kiberiti, bikarbonati na chumvi, kipande cha kioo, sumaku kutoka spika ya radio iliyokufa, uzi, kamba na misumari, waya, ampuli ndogo za tochi na mawe ya radio ambayo bado yana nguvu kidogo. Ndimu, majivu, mbegu za maharagi na udongo vitaletwa siku ya somo.

Vitu vingi hapo havinunuliwi. Kwa vile vinavyonunuliwa, kamati ya wazazi inaweza kuamua mchango mdogo wa hiari. Tunasema hiari kwa sababu mtoto asifukuzwe kwa ajili ya sanduku. Hapo tungebomoa kwa mkono wa kushoto kile tunachojenga kwa mkono wa kulia. Asiye na franka alete chupa au ndimu, au aje yeye mwenyewe kuonyesha anachokijua. Orodha ya vitu ibandikwe ukutani, na watoto wawili, msichana na mvulana, wawe walinzi wake. Moto uwashwe na mwalimu tu. Mawe ya radio yasipasuliwe.

Kwa walimu tunaomba jambo moja: jaribio moja kwa juma, hata la dakika ishirini. Likishindikana, msifiche. Waulizeni watoto sababu.

Na kwa wazazi wa kiume na wa kike: jioni mtoto akirudi, tumezoea kuuliza, “Umepata pointi ngapi?” Juma hili tubadilishe. Tumwulize, “Leo umegusa nini? Umeona nini?” Akikosa jibu, mpelekee mwalimu salamu, na umwulize kwa upole sanduku litaanza lini.

Mama aliyetuletea habari hii aliwaita jirani zake. Pamoja na yule mzee na watoto wa darasa la tano, walikwenda mchana, upepo ukivuma, wakasimama mbali na lile bonde na kupanga mawe makubwa yenye rangi nyeupe pande zote, ili kila anayepita ajue. Kijana wake ndiye aliyechagua mahali pa jiwe la kwanza. Alisimama na kupima kwa macho, akasema, “Hapana, mbali zaidi. Asubuhi inajaa mpaka hapa.”

Vijiji ambavyo vimeanza sanduku lao watuletee habari kwenye mkutano wa Jumamosi, hata kama jaribio la kwanza halikufanya. Tutaziandika hapa, ili wengine wajifunze.